Giaboksi ya Tila Ipelekwe kwa Fundi wa Boti

Hapa Mwanza ukiwa na tila, mashine ndogo ya kulimia bustani, giaboksi yake ikaanza kuvuja, kila mtu atakuelekeza kwa fundi pikipiki. Mimi ushauri huo naupinga. Si kwamba fundi pikipiki hajui chuma. Anajua, na akikushikia injini ya tila utaondoka umeridhika. Lakini giaboksi ya nyuma, ile inayozungusha majembe ardhini, inaishi maisha ambayo giaboksi ya pikipiki haiyajui. Inashinda kwenye tope. Shafti zake zinatokeza nje, kwenye udongo na maji, na kinachotenganisha oili ya ndani na uchafu wa nje ni mdomo mwembamba wa pete ya mpira iitwayo sili. Sasa mji huu una watu waliozeeka wakihangaika na kifaa cha namna hiyo hiyo: mafundi wa injini za boti pale Kirumba, jirani na Mwaloni. Mguu wa injini ya boti ni giaboksi inayofanya kazi ikiwa imezama. Anayeweza kuzuia maji yasiingie humo, tila haimsumbui.

Tila ninayoizungumzia ni ya shangazi yangu wa Kayenze, anakolima mchicha, nyanya na chainizi karibu kabisa na maji. Ni mashine ya Kimarekani, injini mbele, majembe nyuma, ya zamani kiasi kwamba mwili wa giaboksi ni chuma cha kumiminwa, kizito, cha kuombea msaada kukinyanyua. Ilikuja mtumba ndani ya kontena, ikapita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kumfikia. Alivyonipigia simu alisema, "Baba, hii mashine inakojoa. Na mkojo wenyewe una rangi ya chai ya maziwa."

Nusu ya uchunguzi alikuwa ameshaufanya. Oili ya giaboksi ikiwa nyeusi, imechoka tu. Ikiwa ya maziwa, kuna maji ndani, na maji yana mlango wake. Watu wa huku tuna faraja moja ya uongo, kwamba ziwa letu ni maji baridi, hayana chumvi, kwa hiyo hayali chuma. Chumvi kazi yake ni kuharakisha. Beringi ikilala muda ndani ya oili iliyochanganyika na maji, hata yawe matamu namna gani, inaota vijishimo vya kutu kwenye njia ya gololi, na kijishimo kikishatokea hakuna oili itakayokiziba. Utakisikia kwa sikio: mvumo unaopanda na kushuka pamoja na mwendo.

Ndani ya giaboksi ya aina hii mambo si mengi. Mkanda wa injini unazungusha puli, puli imefungwa kwenye shafti kuu, na shafti hiyo inapita ndani kwa urefu, kutoka mbele kwenda nyuma. Upande wa nyuma shafti ina uzi mnene wa parafujo, ambao mafundi huuita wamu. Wamu unakamata meno ya gurudumu la shaba, na gurudumu hilo limevaa shafti ya pili iliyolala kukingama, inayobeba majembe. Shafti kuu inazunguka mara nyingi, gurudumu linasogea kidogo: kasi inapungua, nguvu inaongezeka. Chuma cha wamu ni kigumu na shaba ni laini kwa makusudi, ili cha kulika kiwe gurudumu.

Mpangilio huu una tabia mbili zinazoamua kila kitu katika kuihudumia. Ya kwanza, uzi wa wamu hauviringiki juu ya meno ya shaba bali unateleza, na kuteleza kunazaa joto. Giaboksi ya wamu ikipiga kazi ya asubuhi nzima huwezi kuiwekea kiganja ukakiacha. Ya pili, shafti kuu haizunguki tu, inasukumwa pia kwa urefu wake. Kila jembe linapogonga jiwe (na huu ni Mji wa Miamba, mawe si habari), gurudumu linaugomea wamu, na shafti nzima inataka kukimbilia mbele. Kinachoizuia ni beringi za koni za pande mbili. Zikilegea, shafti inacheza mbele na nyuma, meno yanakutana pasipo mahali pake, na shaba inaanza kusagika.

Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, zima injini, chomoa waya wa plagi, vua mkanda, kamata puli kwa mikono miwili, uivute na kuisukuma. Shafti isiende popote unapoweza kuona kwa jicho. Halafu itikise juu na chini. Ikicheza juu na chini, beringi imekwisha. Ikienda mbele na nyuma tu, huenda inahitaji kurekebishwa nafasi bila kununua kitu. Ya shangazi ilicheza pande zote.

Oili tuliimwaga kwenye beseni jeupe tukaiacha ilale. Beseni jeupe ni kipimo ambacho fundi mwenye haraka hukidharau. Asubuhi maji yalikuwa yamejitenga chini, na ukilielekeza beseni juani unaona mng'ao. Hapo pitisha sumaku. Kinachonata sumakuni ni chuma. Ukiwa ni unga laini wa kijivu usiogope, ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vyenye ncha ni beringi au wamu unaovunjika. Mng'ao wa dhahabu unaobaki beseni sumaku ikishapita ni shaba ya gurudumu. Sisi tulipata vyote viwili, shaba kidogo na vipande vichache vya chuma, kwa hiyo kubadilisha sili peke yake kungekuwa kupaka rangi nyumba yenye mchwa.

Mzee wa Kirumba, fundi wa boti niliyempelekea mashine, hakuanza na giaboksi. Alianza na majembe. Aliyavua, akachukua kisu kidogo, akachokonoa nyuma ya kikombe, yaani makao ya sili, pale shafti inapotokeza. Ikatoka pete ya uzi wa timba, zile nyavu za uzi mmoja wa nailoni, imejikaza na kuyeyuka kwa joto la msuguano hadi ikawa kitu kimoja, na ndani yake kulikuwa na mchanga uliosagwa.

"Mwanangu," akaniambia, "hii ndiyo kazi yetu ya kila siku. Uzi unajizungusha nyuma ya propela, mwenye boti haoni, anaendelea kwenda. Siku ya tatu anakuja kulalamika injini mbovu."

"Na huku kwenye bustani umetoka wapi, mzee?"

"Hiyo kamuulize mwenye bustani."

Sikuwa na haja ya kwenda mbali. Uzio wa shangazi ni nyavu chakavu, kama ulivyo uzio wa majirani zake wote, kwa ajili ya kuku na mbuzi. Timba kuvulia ni marufuku kisheria, lakini vipande vyake vimejaa ufukweni na vingi vinaishia kuzungushia mboga. Jua linavichoma, vinakatika, vinaangukia shambani, na msimu unaofuata tila inavisokota. Uzi ule haukai juu ya jembe ukauona. Unatambaa kwenye shafti kuelekea mahali pembamba, yaani kwenye mdomo wa sili, na hapo unakata. Magugu maji nayo yanajisokota, hasa kwa wanaoyatandaza bustanini kama matandazo, ila ni laini na yanaoza. Nailoni haiozi.

Mchanga unamalizia. Udongo wetu wa luseni, ule wa miteremko ya vilima, ni zao la miamba ya graniti, na chembe zake ni ngumu kuliko chuma cha shafti nyingi. Ukinasa chini ya mdomo wa sili, mpira unaukumbatia na kuugeuza msasa. Ndiyo maana sili inaweza kuwa nzima na shafti ikawa na mfereji. Kule bondeni kwenye mbuga, udongo mweusi, shida ni nyingine: unaganda kwenye kikombe na kushikilia maji hapo hapo kwenye sili usiku kucha.

Halafu kuna suala la kuosha, na hapa ndipo mafundi wa boti wanapowazidi wenzao kwa mbali. Kijana anamaliza kulima saa sita, mashine inaunguza, anaisukuma moja kwa moja hadi ziwani na kuimwagia ndoo. Hewa iliyo ndani ya giaboksi ilikuwa imetanuka kwa joto. Ikipoa ghafla inasinyaa, inavuta. Kama tundu la kupumulia juu ya giaboksi limezibwa na tope, na mara nyingi limezibwa, itavuta kupitia sili, na kilichoko nje ya sili wakati huo ni maji. Kesho yake mashine ikipata moto, hewa inatanuka tena na kusukuma oili nje. Giaboksi inavuta maji ikipoa, inatema oili ikipata joto, na mwenyewe anaongeza oili kila Jumamosi akidhani anatibu. Tundu la shangazi lilikuwa limepakwa rangi. Nani alipaka, hakuna aliyekiri.

Kufungua kwenyewe ni kazi ya usafi zaidi ya nguvu. Osha nje kwa mafuta ya taa na brashi hadi chuma kionekane, maana kila chembe iliyobaki nje itaingia ndani. Puli itoke kwa pula, kifaa cha kuivutia, isipigwe nyundo. Kama shafti lazima igongwe, rudisha nati kwanza hadi ilingane na ncha, weka kipande cha mbao, ndipo ugonge. Uzi wa ncha ya shafti ukishatanuliwa na nyundo umejitengenezea safari ya kwa mchongaji. Kii ya puli, kile kipande cha chuma kinachoifungia puli kwenye shafti, iangalie vizuri pia. Nimeona tila inayofanya kazi na kipande cha msumari badala ya kii, na njia ya kii kwenye shafti imeshapanuka hadi puli inacheza.

Sasa gasketi, jambo ambalo laiti ningekuwa na kipaza sauti ningelitangaza Mabatini nzima. Kwenye kifuniko cha beringi ya mbele utakuta karatasi nyembamba, moja au kadhaa. Nyingi ya giaboksi hizi hupimwa nafasi ya shafti kwa hizo karatasi. Kifuniko kinasukuma beringi, karatasi zinaamua kisukume kiasi gani. Fundi asiyejua anazichana, anakata gasketi moja nene kutoka boksi la sabuni, au anapaka silikoni na kukaza. Akiweka nene, shafti inalegea na kucheza mbele na nyuma. Akiweka silikoni tupu, beringi za koni zinabanwa, zinachemka na kuungua ndani ya muda mfupi, na mteja anaambiwa beringi zilikuwa feki. Kwa hiyo karatasi zikitoka nzima, zihifadhi. Zikichanika, pima unene wake kwa venia kabla hujazitupa, kisha tafuta karatasi za unene ule ule.

Kupima nafasi kwa geji ya saa ndiyo sahihi, na mzee anayo. Asiye nayo afunge kifuniko kwa karatasi zilizozidi, azungushe shafti kwa mkono, halafu apunguze karatasi moja moja. Kuna mahali mchezo unaisha na shafti bado inazunguka laini bila kukwama. Hapo ndipo. Ukipitiliza utasikia kiganjani, uzito unaanza. Rudisha karatasi moja.

Mkutano wa wamu na gurudumu nao una kipimo chake. Paka rangi nzito meno machache ya shaba, zungusha, uone alama imekaa wapi. Tulitumia rangi ya mdomo ya binamu yangu, ambaye hajafurahi hadi leo. Alama ikikaa katikati ya jino, vizuri. Ikikaa ukingoni, gurudumu limesogea kushoto au kulia, na kwenye shafti yake pia kuna washa nyembamba za kurekebishia. Gurudumu la shangazi lilikuwa limelika upande mmoja tu, ule wa kwenda mbele, na bado lilikuwa na nyama. Tulilirudisha.

Beringi tulinunua mjini, kwa namba. Namba imechorwa kwenye pete, na hakuna sababu ya kubeba beringi kuukuu mfukoni ukimlilia muuzaji akulinganishie kwa macho. Kwa zile za gololi za kawaida, tarakimu mbili za mwisho zizidishe kwa 5, kuanzia 04 kwenda juu, unapata tundu la ndani kwa milimita: 6204 ni 20, 6205 ni 25. Hiyo 6205 ina upana wa nje wa milimita 52 na unene wa 15, popote duniani. Kwa ndani ya giaboksi usikubali zenye kifuniko cha mpira hata muuzaji akikuapia kwamba ndizo bora. Humo ndani beringi inataka kuoga oili. Kuivalisha, pasha beringi kwenye oili ya moto, karibu na nyuzi 100, isizidi 120, itateleza yenyewe. Na kama ni ya kugonga, gonga pete inayobana: pete ya ndani unapoivika shafti, ya nje unapoiingiza kwenye mwili. Ukigonga pete isiyohusika, kipigo kinapita kwenye gololi, na umeiua beringi mpya kabla haijazunguka.

Kisha mfereji kwenye shafti ya majembe. Pitisha ukucha pale mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukikwama, sili mpya itavuja, hata iwe imetoka Japani. Mafundi wengi hapa watakwambia shafti ijazwe kwa kuchomelea kisha ichongwe. Inawezekana, na nimeona zilizofanyika vizuri, ila joto la kuchomelea linaweza kupinda shafti na kulainisha chuma kilichokuwa kimekazwa, na shafti iliyopinda hata kwa unene wa unywele inakula sili mwaka mzima. Mzee alifanya jambo rahisi zaidi, analolifanya kwenye miguu ya boti. Alipima kina cha kikombe, akaona kina nafasi, akaikalisha sili mpya milimita chache ndani kuliko ya zamani. Mdomo ukaangukia chuma ambacho hakijawahi kuguswa. Ukingo wa mfereji akaulainisha kwa msasa wa maji, akizungusha kufuata mduara, kamwe si kwa urefu, kwa sababu mkwaruzo wa urefu ni bomba la oili.

Sili nayo ina namba tatu juu yake: tundu la ndani, upana wa nje, unene. Ukipata yenye midomo miwili, chukua hiyo kwa shafti ya majembe. Mdomo wenye springi unaangalia oili, ule mdogo unaangalia vumbi. Kabla ya kuipitisha kwenye shafti funika njia ya kii na kona zote kwa nailoni laini, paka grisi mdomoni, isukume ikiwa imenyooka kwa bomba linalolingana nayo. Sili moja haifiki bei ya kilo ya sato, na inakatwa na kona ya kii watu wakiangalia.

Kwenye oili nitakuwa mkali kidogo. Grisi haiwekwi humo. Najua wanaoweka, kwa hoja kwamba haivuji. Haivuji kwa sababu haiendi popote: wamu unachimba njia katikati yake na kuzunguka kukavu. Weka oili nzito ya gia, 140 au 85W-140, na kwenye chupa tafuta daraja la GL-4. Madukani imejaa GL-5, ambayo ni nzuri kwa difu ya gari, lakini dawa zake za kuhimili mgandamizo zina salfa inayoweza kuishambulia shaba, zaidi ikipata joto, na nimeshaeleza joto la wamu. Jaza hadi kwenye bolti ya kipimo, mashine ikiwa imelala sawa, usizidishe. Ikizidi itatafuta pa kutokea, na njia iliyo rahisi ni ile sili uliyoibembeleza.

Wakati mwingine nikipita vijijini Magu au Misungwi nikiona pawatila, yale matrekta madogo ya kuongozwa kwa mikono, za enzi za Kilimo Kwanza, mpango wa serikali uliozinduliwa 2009, zimeegeshwa chini ya miembe na mstari mweusi wa oili chini ya giaboksi, najiuliza ngapi kati yake zilihitaji kitu kikubwa kuliko sili na tundu la kupumulia lililozibuliwa. Pawatila imeundwa tofauti ndani, nyingi zina minyororo na gia za kawaida badala ya wamu. Lakini inalima kwenye maji ya mpunga, na mlango wa maji ni ule ule.

Tulipoiwasha Kayenze tuliilimisha taratibu, tukamwaga oili ya kwanza mapema kuliko kawaida, ikatoka na vumbi la dhahabu kidogo, kama inavyotarajiwa gurudumu na wamu vinapozoeana upya. Ya pili imetoka safi. Shangazi amekubali majembe yavuliwe na shafti ikaguliwe kila baada ya kulima kipande cha karibu na uzio, na mashine ipoe kabisa kabla ya kuoshwa. Uzio wa nyavu amekataa kuuondoa. Anasema mbuzi wa jirani ni hasara kubwa kuliko sili, na nikipiga hesabu ya mchicha alioupoteza mwaka jana, sina la kumjibu.

Na mzee tunabishana bado. Kikombe kina nafasi ya kuhamisha sili mara moja tu, na hiyo tumeshaitumia. Mfereji mwingine ukitokea, yeye anataka shafti ivalishwe pete nyembamba ya chuma pale pa sili, mimi nataka ichongwe shafti mpya kabisa kutoka chuma kizuri. Anasema mimi ni mtu wa kupenda vitu vipya.